Paka Alipopaka Singo

(Mazungumzo niliyoyatoa alasiri moja mbele ya majirani zangu, Mji wa Kale, Mombasa. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila mizaha mingine nimeiacha hukohuko barazani.)

Assalamu alaikum. Na wenzetu wa salamu nyingine, hamjambo nyote. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliojibanza pale nyuma karibu na sinia la kaimati, sogeeni mbele, viti vipo na kaimati hazikimbii.

Mwenye nyumba hii aliniomba nije nizungumze juu ya maua. Ni haki yake, kwa sababu mimi ni muuza miche. Kitalu changu kiko kando ya barabara ya kwenda Bamburi, na wengi wenu mmepita mkanunua asumini au bogenvilia, mkaniomba nipunguze bei, nikapunguza. Basi nilipomwambia nitazungumza juu ya maua yanayoua paka, alinitazama kama aliyesikia vibaya. Akauliza, "Bi, kwani paka hula maua?"

Swali zuri. Nami ningelijua jibu lake mapema, paka wangu angekuwa hai leo.

Nitawapa kisa hicho kwanza, kisha tutakuja kwenye vyungu hivi nilivyovipanga hapa mezani. Watoto wasivishike kwa sasa. Hasa hicho cha mwisho chenye maua ya waridi.

Nilikuwa na paka jina lake Kashata, mweupe, mwenye mabaka ya rangi ya kashata ya nazi iliyoungua kidogo. Tulikuwa na harusi nyumbani, binti wa kaka yangu, na mgeni mmoja kutoka bara akaja na shada la maua makubwa meupe, yamefunguka kama tarumbeta, harufu yake imejaa sebule mpaka ubani ukashindwa. Maua ya lili. Mimi nikafurahi kuliko bi harusi. Nikavikata vikonyo mshazari, kama kazi yangu inavyonifunza, nikayatia kwenye chombo cha kioo chenye maji, nikayaweka katikati ya meza.

Ndani ya ua la lili mna vijiti vyembamba, na juu ya kila kijiti mna kichwa chenye unga wa rangi ya machungwa. Darasani huitwa chavua. Unga huo ukikugusa kanzu umekwisha, hautoki hata kwa sabuni ya kipande na jua la Januari. Wauzaji wengine huvinyofoa vile vichwa kabla ya kuuza kwa sababu ya nguo tu. Wanaogopea nguo, mwaona!

Kashata akapanda mezani, kama paka. Akajisugua kwenye maua, akapita, akashuka. Bega zima limekuwa la machungwa. Sisi wanawake tuliokuwa pale tukicheka. Mimi nikaikumbuka singo, yale manukato ya kusugua mwili wa bi harusi, nikasema, "Hata Kashata kapaka singo, naye anaolewa leo." Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu kila mtu aliyarudia, na kila aliyeingia alionyeshwa paka aliyepaka singo.

Akaenda kukaa dirishani, akaanza kujilamba.

Sasa, nyinyi mnajua paka alivyo. Hana mnyama msafi kumshinda. Akiguswa na mkono wenye mafuta ya samaki, hukaa chini akajilamba mpaka ajiridhishe. Alijilamba lile bega lote, taratibu, akamaliza, akalala. Baada ya Isha akatapika kwenye mkeka. Tukasema ni pilau, amekula mafuta mengi. Akatapika tena. Asubuhi alikuwa ametulia, nami nikashukuru. Siku ya pili anakunywa maji, anakunywa, kisha anakwenda kulala kwenye sakafu ya bafuni penye baridi. Siku ya tatu hakwenda haja ndogo kabisa, na pumzi yake ilikuwa na harufu ambayo sikuwahi kuisikia kwa paka. Ndipo nikampeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari akampima, akasema figo zimeharibika, huyu amekula kitu. Akauliza, amekula nini? Nikasema hajala kitu. Na kweli, kwa akili yangu, hakuwa amekula kitu. Akatiwa dripu. Siku ya nne akafa.

Nyumbani wifi yangu hakungoja hata nimalize kulia. Akasema, "Ni jirani." Jirani wa chini alikuwa amelalamika mara mbili kwamba paka wangu anakojolea kanzu zake kambani. Kwa hivyo hesabu ikawa rahisi: jirani ana kinyongo, paka amekula kitu, kitu kimetiwa na jirani. Kwa wiki mbili na zaidi sikumpa salamu mzee wa watu. Tukikutana ngazini nageuza uso, naye anabaki na "sabalkheri" yake mdomoni.

Mzee mwenyewe amekaa pale mbele, mwenye kofia ya vito. Nimemwomba ruhusa kabla ya kusema haya, na amenipa.

Ukweli niliupata kitaluni kwangu. Alikuja mama mmoja mwenye fleti huko Nyali, anataka miche ya roshani, na mkononi ana karatasi aliyopewa na daktari wa paka wake. Akawa anasoma jina, ananiuliza, "Hii unayo? Basi sitaki. Na hii? Sitaki pia." Nikaudhika, mteja gani huyu anayekuja na orodha ya asivyovitaka? Nikaomba niione hiyo karatasi. Jina la kwanza kabisa juu lilikuwa lili. Pembeni pameandikwa: figo. Nikakaa chini, juu ya mfuko wa samadi.

Sumu niliitia maji kwa mikono yangu mwenyewe, nikaiweka mezani, nikaisifu.

Kwa hivyo nikirudi kwa swali la mwenye nyumba: paka hula maua? Wengine hutafuna majani, hasa wale wadogo na wale wanaofungiwa ndani ya fleti kutwa, wamechoka na ukuta. Lakini paka mkubwa mara nyingi hahitaji kula chochote. Inatosha apite. Kinachomgusa manyoya kitafika mdomoni, kwa sababu ya huo usafi wake. Tukichunga sahani ya paka tu, tunachunga mlango mmoja na dirisha liko wazi.

Sasa lili yenyewe. Kila kitu chake ni hatari kwa paka: jani, kikonyo, ua, kitunguu kilicho chini ya udongo, ule unga, na hata maji ya chombo ilimowekwa. Tena kiasi kidogo, unga tu wa kulambwa. Mbwa akila lili ataumwa tumbo, lakini figo zake hazifi kama za paka. Ni kitu gani hasa ndani ya lili kinachoua figo za paka, wataalamu hawajakitenga wakakitia chupani wakasema ni hiki. Wanachokijua vizuri ni mwendo wake: paka hutapika ndani ya saa chache, kisha hutulia, na huo utulivu ndio unaotudanganya, kwa sababu figo zinaharibika wakati huohuo, na kati ya siku ya kwanza na ya tatu zinasimama. Akifikishwa kwa daktari mapema, kabla ya saa 18 kupita, akatiwa dripu kwa siku mbili tatu mfululizo, wengi hupona. Mimi nilifika siku ya tatu, nikiwa na "hajala kitu".

Na hapa niwaambie ubaya wa biashara yetu. Sisi wauza miche ndio tunaolipoteza jina. Neno "lili" tunalibandika kwa kila kitu chenye ua jeupe la maana. Iko lili halisi, hiyo ya shada, ambayo joto letu la Pwani hailipendi, kwa hivyo hutufikia zaidi ikiwa imekatwa, imefungwa karatasi, imekuja na basi kutoka bara. Iko nyingine yenye majani membamba kama nyasi ndefu, maua ya manjano au machungwa, kila ua hudumu siku moja tu kisha hunyauka. Hiyo nayo huua figo vilevile. Kwenye kibao cha mche, ukiona limeandikwa Lilium au Hemerocallis, na nyumbani una paka, rudisha mahali ulipolichukua.

Kisha iko hii. (Hapa niliinua chungu cha pili.) Jani kijani cha kung'aa, ua jeupe moja limesimama kama tanga la dau. Tunaiuza kwa jina la lili ya amani. Si lili! Haiui figo. Ina maudhi yake, nitayafikia. Na lile ua lililojikunja kama faneli, maharusi wengi hulishika, nalo huitwa lili na si lili. Iko ile inayoota kutoka kitunguu kikubwa, maua yake yana miguu kama ya buibui. Hiyo hutapisha na kutoa mate, hasa kile kitunguu. Liko lile ua la moto, jekundu lenye kingo za manjano zilizojikunja, linalopanda vichaka huku kwetu baada ya mvua. Wengine nalo huliita lili. Hilo lina sumu kali sana, kali hata kwa binadamu, hasa kiazi chake, ila inaua kwa njia nyingine. Na wazee wakisema yungiyungi wanataja ua la kidimbwini, na Biblia ya Kiswahili nayo ina yungiyungi lake la bondeni. Jina moja limebeba mizigo ya watu wote hawa. Ndiyo maana mtu akinipigia simu, "Bi, paka wangu kala lili, nifanyeje?", kitu cha kwanza namwambia ni nipigie picha.

Sasa nani hapa amewahi kula jimbi ambalo halikuiva?

(Mikono ilinyanyuka mingi, na mama mmoja akasema mkwewe ndiye aliyelipika. Tukacheka.)

Ulihisi nini? Koo linawasha, ulimi kama umechomwa na sindano. Basi si mfano, ni sindano kweli. Ndani ya jimbi bichi mna fuwele ndogo sana zenye ncha pande mbili, zimepangwa kama njiti za kiberiti kwenye kisanduku chake. Ukitafuna, zinafyatuka zinakuchoma mdomo. Ndiyo maana bibi zetu walilichemsha jimbi mpaka likome. Na jimbi lina ukoo mkubwa, na ukoo huo ndio uliojaa fleti zenu zote: hiyo lili ya amani, ule mmea wa majani mapana yenye matobo na nyufa, huu wa majani makubwa yenye madoa meupe, ambao shina lake ni nene kama muwa, na ule unaotambaa dirishani, majani kama moyo, mnautia kwenye chupa ya maji mnasema unaleta pesa. Wote ni ndugu wa jimbi. Paka akitafuna jani hutoa mate kama bomba, hujisugua mdomo kwa makucha, hukataa chakula, pengine hutapika. Mara chache sana hufa. Mdomo ukivimba mpaka anapumua kwa shida, hapo ni daktari bila kungoja. La sivyo msuuzeni mdomo kwa maji safi, polepole, kwa kitambaa, mpeni maji anywe, mtazameni. Na yeye, kama nyinyi na jimbi la mkwe, mara nyingi hatarudia.

Kwa hivyo msiogope kila jani. Mtu akiambiwa mimea yote ni sumu, mwisho haogopi hata mmoja, na mimi nataka muogope michache kwelikweli.

Huu wa waridi, wa mwisho pale, ndio ule niliokataza watoto. Ni oleanda. Mnauona kwenye nyua na kando ya barabara kwa sababu hauombi maji, hausumbuliwi na jua wala chumvi ya bahari, na hata mbuzi wa mtaani wanaupita. Mbuzi wa Mombasa anayekula katoni, akipita mmea bila kuugusa, nawe jiulize kwa nini. Jani lake, ua lake, kijiti chake kikavu, vyote vinashika moyo: unakwenda mbio, unachelewa, unaruka pigo, unasimama. Na si wa paka peke yake. Mtoto, mbuzi, ng'ombe, mtu mzima. Umo na ndugu yake wa maua ya manjano kama kengele ndogo, wenye tunda gumu la pembe. Wote wawili mimi nimeacha kuwauzia wenye watoto wadogo, na nimepoteza wateja kwa hilo, si neno.

Ndugu wa tatu wa ukoo huo mnaye barazani, nimemwona nikiingia. Ni ule wenye shina lililovimba chini kama chupa na maua ya waridi yenye koo jeupe, siku hizi unauzwa ghali na unaitwa waridi la jangwa. Ni mzaliwa wa huku kwetu, anaota mwenyewe kwenye mapori makavu ya Pwani na bara. Utomvu wake umechemshwa na wawindaji katika sehemu nyingi za Afrika ukapakwa kwenye mishale. Tafakarini: kitu cha kuangusha mnyama mkubwa, sisi tumekitia kwenye chungu cha kauri, tumekiweka pale paka anapoota jua. Sisemi mwenye nyumba autupe. Autundike, au auweke juu ambapo paka hapandi. Najua, mtaniambia paka hupanda popote. Basi autupe.

Mtapo nitausema kidogo, kwa sababu huo una historia na sisi. Ni ule unaofanana na mnazi mfupi, majani magumu kama kitana, unapandwa kwenye milango ya hoteli na ya majumba mapya. Aina moja ni ya Pwani yetu wenyewe. Wazee waliila kokwa yake wakati wa njaa, lakini si hivihivi: waliikata, wakaianika, wakairoweka siku nyingi, wakabadilisha maji, ndipo wakasaga unga. Hawakufanya kazi hiyo kwa kupenda kujichosha. Sumu ya mtapo huenda kwenye ini. Jani lake lina sumu, kokwa ndiyo kali zaidi, na kwa paka au mbwa kokwa moja mbili zinatosha kuleta msiba. Ukiuona umezaa, okota kokwa zote chini ya mti kabla ya mtoto wa paka kuzifanya mpira.

Mengine haraka haraka. Mbarika: mbegu zake zile zenye madoadoa mazuri, zikitafunwa, ni sumu kubwa kwa kila kiumbe. Mnyaa: maziwa yake huunguza ngozi na macho, mnajua wenyewe, wengi tumekua tukikatazwa kuuvunja. Mshubiri: tunajipaka usoni na kwenye vidonda, sawa, lakini paka akiutafuna ataharisha na kutapika. Kwa bahati ni mchungu kama jina lake. Mkonge ule mfupi wa mapambo, wenye majani yaliyosimama kama mapanga: kutapika na mate, si zaidi. Mchaichai paka wanaupenda sana, sijui wanataka chai. Jani moja mbili haliwapeleki mbali, tumbo tu, lakini asiachiwe kichaka kizima kiwe chakula chake.

Na kwa kuwa tuko Mombasa, sitaondoka bila kusema vitunguu. Mnampa paka mabaki ya mchuzi wa samaki, mnaona mmemtendea wema. Kitunguu maji na kitunguu saumu, kibichi au kilichopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Haonekani mgonjwa leo. Baada ya siku kadhaa fizi zimepauka, amechoka, mkojo umekuwa mwekundu. Mpeni kichwa cha samaki kabla hakijaingia sufuriani.

Mtauliza, mbona paka dhaifu hivi, na yeye huua hata nyoka? Sehemu ya jibu ni ini. Paka ni mla nyama mtupu. Wanyama wengi wana njia ya kuishika sumu, kuifunga na kitu kama sukari na kuitoa kwa mkojo. Njia hiyo kwa paka ni dhaifu mno. Lili hatuwezi kuieleza kwa hilo, hiyo ina siri yake, lakini vitu vingi vingine tunaweza. Ndiyo maana kile kidonge cha paracetamol mnachomeza kwa kichwa, kimoja tu cha miligramu 500, kinaweza kumuua paka mzima. Yuko mama hapa aliwahi kumpa paka wake nusu kwa sababu alikuwa na homa. Simtaji. Alipona kwa rehema ya Mungu na bili kubwa ya daktari.

Sasa dawa zetu za mtaani. Paka akionekana ana sumu, mmoja anakimbilia dafu, wa pili maziwa, wa tatu mafuta ya nazi, wa nne maji ya chumvi atapike. Dafu ni tamu, linyweni nyinyi mkingoja gari. Maziwa hayaondoi sumu ya oleanda wala ya lili. Mafuta ukimlazimisha yanaweza kuingia mapafuni. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa paka. Msimtapishe kwa nguvu. Kama ana unga wa ua kwenye manyoya, mfungeni taulo asijilambe, mwosheni hapo hapo kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya sahani, hata kama atawakwaruza. Mimi ningetoa mikono yote miwili ikwaruzwe kwa ajili ya bega lile moja. Kisha kwa daktari wa wanyama, na kipande cha mmea mkononi, kwenye mfuko wa nailoni, au picha yake kwenye simu. Mwambieni saa. Saa ndiyo anayoitaka zaidi. Na msiseme "hajala kitu". Semeni alipita wapi.

Kuna mzee aliniuliza pale mlangoni, sasa nibaki na saruji tupu? Hasha. Maua ya kikuba chetu, kile kishada cha manukato, yale mnayoyajua tangu mkiwa wasichana, waridi, asumini ya kweli na mrehani, hayamdhuru paka. Nasema asumini ya kweli, ile tunayoitunga uzi tukavaa kichwani. Kuna mimea mingine yenye jina linalofanana na ina sumu, kwa hivyo nunua kwa mtu anayejua. Bogenvilia tatizo lake ni miiba. Minazi midogo ya ndani ile yenye shina la manjano haina neno, na mnazi wenyewe hauna. Na ule urujuani mdogo wa majani ya mahameli, unaouzwa Ulaya yote kwenye vijungu, asili yake ni Usambara, hapo tu ng'ambo ya mpaka. Mjerumani aliyekuwa mtawala Tanga aliutuma kwao mwaka 1892, na jina lake la kitaalamu la zamani likatoka kwake. Huo nao ni salama, na unapenda kivuli cha roshani zetu.

Kitaluni kwangu sasa kila mfuko wa mche wenye sumu kali una uzi mwekundu shingoni. Wateja wengine wanadhani ni hirizi. Mfanyakazi wangu alikuwa akisahau, nikamwambia kila mche utakaotoka bila uzi utakatwa kwenye mshahara wake, sasa anafunga uzi mpaka kwenye mchicha.

Nilipoachana na yule mama wa Nyali na karatasi yake, nilifunga kitalu mapema, nikapanda matatu, nikaja moja kwa moja kugonga mlango wa chini. Mzee akafungua. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri garini, yakapotea yote. Nikasema, "Nilidhani ni wewe." Akasema, "Nilijua unadhani." Akaniambia kwamba siku ile aliposikia nalia alitaka kupanda kunipa pole, akaogopa nitamfukuza. Nami ningemfukuza. Akaleta kahawa, tukanywa ngazini. Kanzu zilikuwa kambani, nyeupe, hazina wa kuzichafua.

Nimeleta miche 40 ya mrehani, iko pale mlangoni kwenye sanduku la mbao, kila nyumba mche mmoja, hailipiwi. Waridi la jangwa la hapa barazani nitaondoka nalo mimi, mwenye nyumba ameshakubali kwa kichwa, mmeshuhudia. Na hiyo oleanda msiiguse, nitaibeba mwenyewe.

Mzee wangu, njoo uchague kwanza wewe. Chagua uliochanua.